Kwa Nini Ng'ombe Aliyepandishwa Hurudi Kutaka Dume

Ndugu mkulima, huenda jambo hili limekwisha kukupata wewe au jirani yako. Ng'ombe wako wa gredi alitaka dume, ukampigia simu mtu wa A.I., naye akaja mapema, akafanya kazi yake, ukamlipa. Baada ya majuma matatu ng'ombe yule akaanza tena kulia usiku na kuwapanda wenzake. Ukalipa mara ya pili. Majuma mengine yakapita, mambo yakawa yale yale. Hapo ndipo maneno huanza. Mmoja husema mbegu ilikuwa mbovu, mwingine husema kijana yule hajui kazi, na wa tatu husema ng'ombe ni tasa. Mwishowe mchinjaji huitwa, na ng'ombe aliyekuwa akiwalipia watoto karo huondoka kwa bei ya nyama.

Mara nyingine hukumu hiyo ni ya haki. Lakini mara nyingi sana ng'ombe yule alishika mimba, kisha mimba ikapotea kabla mtu ye yote hajajua kuwa ilikuwapo. Katika ng'ombe 10 wenye afya waliopandishwa kwa wakati wake, yai huungana na mbegu kwa ng'ombe kama 9. Lakini watakaozaa kwa kupandishwa huko kwa mara moja ni 5 au 6 tu, na kwa ng'ombe wa maziwa mengi sana huenda wakawa 4. Wengi wa hao waliokosa walipoteza mimba katika siku 16 za kwanza, wakati ambapo mimba ni kitu chembamba mno hata ingeanguka mbele ya macho yako usingeiona.

Basi yafaa ujue mambo yanayotendeka ndani ya ng'ombe katika siku hizo, kwa maana ukiyajua utaweza kusoma tarehe za daftari lako na kufahamu hasara ilitokea wapi, kabla hujamwita mchinjaji.

MJI WA MIMBA SI GUNIA

Katika chuo cha ualimu tulifundishwa kuchora mji wa mimba ubaoni kama gunia lenye pembe mbili. Picha ile ni nzuri kwa mtihani, lakini mwanafunzi huondoka akidhani ni gunia kweli, la kutiwa kitu na kukaa kimya. Afadhali uufananishe na shamba. Leo ardhi ni ngumu, kesho imelimwa, na baada ya mvua iko tayari kupokea mbegu. Na mbegu ikitiwa siku isiyo yake haioti. Kinachoamuru mji wa mimba ugeuke ni homoni. Homoni ni kitu kinachotengenezwa na kiungo kimoja cha mwili kwa kiasi kidogo mno, kikachukuliwa na damu na kwenda kukiamuru kiungo kingine kilicho mbali.

Ng'ombe ana ovari mbili, yaani viungo vidogo vinavyotoa mayai, kimoja karibu na ncha ya kila pembe ya mji wa mimba. Yai likikaribia kukomaa hukaa ndani ya lengelenge lenye maji juu ya ovari. Lengelenge hilo hutoa homoni iitwayo estrojeni. Hiyo ndiyo imtiayo ng'ombe joto, akasimama apandwe na wenzake. Wakati huo huo mji wa mimba hujaa damu na kukaza misuli yake, mlango wake hufunguka, na ule ute mweupe kama maji ya yai hutoka na kuning'inia. Tena kinga ya mwili ndani ya mji wa mimba huwa kali, tayari kuufukuza uchafu wo wote utakaoingia. Joto lenyewe huchukua saa 12 hadi 18, na kwa ng'ombe wa maziwa mengi huwa fupi zaidi ya hapo. Yai hutoka baada ya ng'ombe kuacha kusimama, saa 10 au 12 hivi baadaye. Ndiyo sababu tunasema kila siku: ukimwona anasimama asubuhi, apandishwe jioni, ukimwona jioni, apandishwe kesho yake asubuhi.

Baada ya siku moja, mbili au tatu wakulima wengi huona damu kidogo mkiani, hasa kwa mitamba, wakashtuka. Husema mimba imeharibika, au husema ng'ombe hakushika. Si kweli. Damu ile hutoka kwa sababu estrojeni imeshuka ghafula, na mishipa midogo ya ukuta wa mji wa mimba iliyokuwa imejaa huvuja. Aliyeshika huweza kutoa damu, na asiyeshika vile vile. Inakwambia jambo moja tu, ya kwamba joto lilikuwapo siku mbili hivi zilizopita. Kama joto hilo hukuliona, andika tarehe ya damu, kisha uanze kumwangalia ng'ombe kwa uangalifu baada ya siku 16.

HOMONI ILINDAYO MIMBA

Yai likiisha kutoka, lile lengelenge halifi. Hujaa chembe mpya, likageuka kinundu kigumu cha rangi ya manjano. Watu wa Ulaya walikiona kinundu hiki zamani sana. Regnier de Graaf wa Uholanzi alikieleza mwaka wa 1672, bali kazi yake haikujulikana. Mwaka wa 1903 daktari Mjerumani, Ludwig Fraenkel, alionyesha kwa sungura kwamba ukiviharibu vinundu hivi mapema, mimba hupotea. Kisha mwaka wa 1929 Wamarekani wawili, George Corner na Willard Allen, waliwaondolea sungura wenye mimba ovari zao, wakawadunga maji yaliyotokana na vinundu vya manjano, na mimba zikaendelea. Miaka mitano baadaye, mwaka wa 1934, homoni yenyewe ilipatikana ikiwa safi. Iliitwa projesteroni, na maana ya jina hilo ni kuipendelea mimba.

Projesteroni huanza kupanda siku ya 4 au ya 5 tangu joto, na huendelea kupanda hadi kama siku ya 10. Mji wa mimba hugeuka kabisa chini ya amri yake. Misuli iliyokuwa imekaza hulegea na kutulia. Mlango hufungwa kwa ute mzito kama gundi. Ukuta wa ndani hunenepa, na tezi zake ndogo zisizohesabika huanza kutoa maji yenye lishe, ambayo wataalamu wengine huyaita maziwa ya mji wa mimba. Yaangalie sana maji haya, kwa maana ndiyo chakula pekee cha kiini cha mimba. Kiini hufika katika mji wa mimba siku ya 4 au ya 5, kikiwa na chembe 8 hadi 16 tu, na hakianzi kujishikiza ukutani mpaka karibu siku ya 19 au 20. Kwa majuma mawili yote huelea, kikila kile kinacholetwa. Mji wa mimba usipotayarishwa vizuri, kiini hufa njaa ndani ya ng'ombe aliyeshiba.

Jambo lingine, projesteroni huipunguza ile kinga kali, kusudi mwili wa mama usikifukuze kiini kama mgeni. Hapa pana hatari kwako. Ng'ombe akipandishwa siku ambayo hataki dume, mrija hupitisha uchafu katika nyumba iliyolala bila mlinzi, na usaha huweza kujaa ndani. Kwa hiyo usimlazimishe mtu wa A.I. ampandishe ng'ombe wako kwa sababu tu kijana yumo njiani leo na hujui kama atarudi kesho. Na kama ng'ombe alikwisha pandishwa, kisha akaonyesha dalili hafifu za joto, mwambie fundi jambo hilo kabla hajafungua vyombo vyake. Wako ng'ombe wenye mimba ambao huonyesha joto la uongo. Fundi akikuta ute mzito wa kunata mlangoni na asizidi kusukuma, amekuokolea ndama.

SIKU YA 16

Sasa tufike penye kiini cha habari hii. Mji wa mimba huhesabu siku. Tangu projesteroni ilipopanda, huvumilia kama siku 10 au zaidi, kisha ukuta wake huacha kuisikia. Kati ya siku ya 16 na ya 18 hubadili nia. Kama haukupata habari ya mimba, hutoa kitu kiitwacho prostaglandini, nacho huenda kukiua kinundu cha manjano. Kinundu kikifa projesteroni hushuka, lengelenge jipya hukua, na siku ya 21 ng'ombe hutaka dume tena.

Njia inayopitwa na prostaglandini ni ya kustaajabisha. Ingefuata damu mpaka moyoni na mapafuni, sehemu kubwa ingeharibiwa mapafuni kabla ya kufika kwenye ovari. Lakini mshipa uendao kwenye ovari umejizungusha juu ya mshipa utokao katika mji wa mimba, kama mmea wa maharagwe juu ya bua la mahindi, na prostaglandini hupenya kutoka mshipa mmoja kwenda mwingine. Ni kama jirani anayekuvushia maji kutoka mfereji wake kwenda wako bila kupitia mto.

Je, habari ya mimba huletwa na nani? Huletwa na kiini chenyewe. Huko Cambridge, Uingereza, Robert Moor na L. E. A. Rowson walifanya majaribio kwa kondoo, wakaeleza habari zake mwaka wa 1966. Walihamisha viini na kuvitia katika kondoo wengine siku mbalimbali, wakaona kwamba kiini kisipokuwamo kufikia siku ya 12 au ya 13, kondoo huyo hurudi kutaka dume. Mzunguko wa kondoo ni mfupi, kama siku 17. Kwa ng'ombe siku hiyo ya mwisho ni kama ya 16. Ujumbe wenyewe ulifahamika mwaka wa 1987, nao ni namna ya intaferoni. Intaferoni zilikuwa zikijulikana kuwa silaha za mwili juu ya virusi. Hakuna aliyetazamia kwamba kiini cha ndama hutumia silaha hiyo hiyo kubisha hodi kwa mama yake.

Ili ujumbe uwe na nguvu, kiini lazima kiwe kimekua. Siku ya 7 ni kidogo kuliko punje ya mchanga mwembamba. Siku ya 13 ni milimeta chache. Kisha hurefuka upesi mno, kikawa kama uzi. Siku ya 16 huweza kuwa na sentimeta kadhaa, na siku ya 18 huweza kufika sentimeta 20. Uzi huo hulala ndani ya pembe ya mji wa mimba, ukiugusa ukuta mahali pengi na kutoa intaferoni. Kiini kirefu husikika. Kiini kilichodumaa hutoa sauti ndogo, na mji wa mimba hutoa prostaglandini kana kwamba hakuna kitu. Mwaka wa 2001 Mann na Lamming wa Chuo Kikuu cha Nottingham walionyesha kwamba ng'ombe ambao projesteroni yao ilichelewa kupanda katika siku za kwanza ndio waliokutwa na viini vidogo siku ya 16.

Umeona, basi, jinsi mambo yanavyofuatana. Lengelenge dhaifu hufanya kinundu dhaifu, kinundu dhaifu hutoa projesteroni chache, tena kwa kuchelewa, tezi hutoa lishe kidogo, kiini hudumaa, ujumbe haufiki, na ng'ombe hurudi siku ya 21. Mtu wa A.I. hakukosa neno. Mbegu ilikuwa hai.

Akina mama watauliza kama ndivyo ilivyo kwa binadamu. Projesteroni ni ile ile, na kinundu cha manjano kipo. Bali kwa mwanamke ujumbe ni homoni nyingine, na hiyo ndiyo inayoonekana katika kipimo cha mkojo kinachouzwa dukani. Kipimo hicho ni bure kwa ng'ombe. Usipoteze shilingi zako.

YANAYODHOOFISHA PROJESTERONI NA KIINI

La kwanza na kubwa ni njaa. Ng'ombe aliyezaa karibuni hutoa maziwa mengi kuliko anavyoweza kula, hivyo huchimba akiba ya mwili wake. Ukimwona mbavu na mifupa ya nyonga imetokeza, na bado anakonda, ujue malengelenge yake yanakua katika dhiki. Ng'ombe anayekonda hivyo ni bora kumlisha kwanza. Nepia iliyozeeka, ndefu kuliko mtu, ni nzuri kwa macho tu. Ikate ikifika karibu mita moja, na umwongezee majani mengine na dairy meal kwa kadiri ya maziwa. Wako wakulima wanaofanya kosa la namna nyingine: ng'ombe hulishwa vizuri mpaka siku ya kupandishwa, kisha dairy meal huondolewa ghafula kwa kuwa kazi imekwisha. Kazi haijaisha, ndiyo kwanza inaanza. Mitamba iliyopunguziwa chakula kwa ghafula baada ya kupandishwa imeonekana kupoteza viini vingi. Usibadili chakula kwa mwezi mmoja na nusu.

Ng'ombe wa maziwa mengi sana ana shida yake mwenyewe. Hula sana, damu nyingi hupita katika ini lake, na ini huivunja projesteroni upesi kuliko kwa ng'ombe wa kawaida. Kinundu chaweza kuwa kikubwa na homoni ikawa chache. Mwenye ng'ombe wa namna hii asistaajabu akilazimika kumpandisha mara mbili au tatu.

La pili ni joto la jua na homa. Kiini cha siku moja hadi tatu huumia upesi sana mwili wa mama ukipata moto. Banda la mabati yaliyo chini, lisilopitisha hewa, saa saba ya mchana katika Januari, huweza kuua kiini hata pale ambapo usiku kuna baridi ya kuvaa koti. Inua paa, acha upande mmoja wazi, weka maji ya kunywa wakati wote. Homa inayoletwa na kupe hufanya madhara yale yale, basi usiruke siku ya kunyunyiza dawa. Ugonjwa wa kiwele pia huhusika, ingawa wengi hawaufikirii: kiwele kikiwaka katika siku zinazofuata kupandishwa, mwili mzima huingia katika vita, na mimba nyingi changa hupotea. Wala usimtembeze ng'ombe mwendo mrefu kwenda maonyesho au sokoni, au kumpakia katika lori, kati ya siku ya 5 na ya 42. Ni wakati ule kiini kinapoelea na kuanza kujishikiza.

La tatu ni dume la kuazima. Wazee wa skimu zetu, waliopata mashamba katika Mpango wa Ekari Milioni Moja ulioanza mwaka wa 1962, wanakumbuka magari ya A.I. yakipita barabarani kila siku, na ng'ombe waliotaka dume wakingojea katika vizuizi vya mbao. Kituo cha Kabete kilianzishwa mwaka wa 1946, na shabaha yake moja ilikuwa kuyazuia magonjwa ya uzazi yanayoenezwa na madume. Magonjwa hayo yapo yanayokiua kiini kimya kimya, bila ng'ombe kuonekana mgonjwa, wala dume. Dume la jirani ni la bei nafuu mpaka ng'ombe wa kijiji kizima warudi.

KUSOMA TAREHE

Sasa chukua daftari lako. Kama huna, nunua leo. Bei yake ni ndogo. Andika kila tarehe ya joto, hata ile usiyompandisha, kisha hesabu siku kati ya tarehe na tarehe.

Zikiwa siku 18 hadi 24, ama yai halikuungana na mbegu, ama kiini kilikufa kabla ya siku ya 16 na mji wa mimba haukupata habari. Angalia wakati wa kupandisha, kisha angalia mwili wa ng'ombe na banda. Zikiwa 10 au 12 hivi, moja ya tarehe hizo haikuwa joto la kweli, na huenda alipandishwa siku isiyo yake. Zikiwa 25 hadi 35, hapa kuna habari muhimu: kwa kawaida ng'ombe huyu alishika, kiini kikakua, kikatuma ujumbe siku ya 16, mama akausikia na kukilinda kinundu, kisha kiini kikafa baadaye. Zikiwa 36 hadi 48, pengine lilipita joto moja ambalo hukuliona, na kosa huenda ni la macho.

Tuseme ng'ombe alipandishwa tarehe 3 Machi, akarudi tarehe 24 Machi, akapandishwa, kisha akarudi tarehe 26 Aprili. Mwenyewe atasema, "Mara mbili amekataa, ni tasa." Hesabu: ya kwanza ni siku 21, ya pili ni siku 33. Mara ya kwanza hatuwezi kujua. Mara ya pili yaelekea alikuwa na mimba. Huyu si ng'ombe wa kuchinjwa. Ni wa kutazamwa chakula chake, kupimwa na daktari wa mifugo, na kupandishwa tena. Lakini ng'ombe watatu au wanne wa skimu moja, waliokwenda kwa dume moja, wakirudi wote baada ya siku 30 au 40, shauri si la daftari tena. Dume lile lifungwe, na daktari aitwe.

TAHADHARI JUU YA SINDANO

Ile prostaglandini ambayo mji wa mimba huitoa siku ya 16 sasa hutengenezwa viwandani, na watu huiita sindano ya kuleta joto. Ikitumiwa vema ni msaada mkubwa, kwa maana hukiua kinundu cha manjano, na ng'ombe hutaka dume baada ya siku 2 hadi 5. Lakini sindano haiulizi kama kinundu kile kinalinda mimba. Ng'ombe hukitegemea kinundu hicho kwa muda mrefu, kama siku 200 za kwanza za mimba. Ukimdunga ng'ombe mwenye mimba ya mwezi mmoja, ataitoa. Ukimdunga mwenye miezi minne, ataitoa vile vile, nawe utaiona kwa macho.

Mambo haya hutokea. Ng'ombe hupandishwa, haonyeshi joto tena kwa miezi miwili, mwenyewe husema, "Huyu amekwisha, hatafuti hata dume," na mpitaji mwenye mkoba humuuzia sindano. Kumbe kimya kile kilikuwa ndicho habari njema! Usikubali ng'ombe wako adungwe dawa hii kabla hajapimwa na mtu aliyesomea kazi hiyo, hata kama unaapa kwamba hajapandishwa. Madume ya jirani hayajui mipaka ya ekari zako.

Tena jilinde mwenyewe. Dawa hii hupenya ngozi ya binadamu. Mwanamke mwenye mimba asiishike kabisa, wala chupa yake, wala asimshikilie ng'ombe anapodungwa. Na mwenye ugonjwa wa pumu vile vile. Ikimwagika mkononi, osha mara moja kwa maji na sabuni. Chupa tupu isitupwe mahali watoto wanapochezea.

Wako pia wauzao sindano za kuongeza projesteroni au kukikuza kinundu, wakisema kila ng'ombe atashika. Sindano hizo zimejaribiwa katika nchi nyingi, na matokeo hayakuwa sawa: huwasaidia baadhi ya ng'ombe, hasa wale ambao homoni yao ni chache kweli, na wengine hawaoni tofauti. Ng'ombe aliyekonda kwa njaa hawezi kuponywa na chupa.

KUPIMA MIMBA

Ng'ombe asiporudi baada ya siku 21 una tumaini. Bado huna hakika. Mwaka wa 1971 Laing na Heap huko Uingereza walionyesha kwamba projesteroni huonekana katika maziwa, na tangu hapo imewezekana kupima maziwa ya siku ya 21 hadi 24. Ikiwa homoni ni chache, hakika hana mimba. Ikiwa nyingi, huenda anayo, wala si lazima, maana kiini chaweza kufa kesho yake. Mashine ya kuonyesha picha ya tumbo huiona mimba kuanzia kama siku ya 28 au 30. Mkono wa daktari hodari huigundua karibu siku ya 35, lakini kwa wengi wetu huku skimuni miezi miwili ndiyo wakati unaofaa, kwa kuwa mimba nyingi zinazopotea mapema zitakuwa zimekwisha potea, na zilizobaki zimeshika vema.

Daktari akija, mwonyeshe daftari kabla hajavaa glavu. Tarehe ya kupandishwa humwambia aitafute mimba ya ukubwa gani, na akikuta ndogo kuliko tarehe, atajua kwamba ng'ombe alipandwa tena na dume ambalo hukuliona. Akisema anayo, andika siku hiyo katika daftari, hesabu siku 283 hivi tangu kupandishwa, na uache kumkamua miezi miwili kabla ya kuzaa. Akisema hana, mwulize hali ya ovari zake, kama kuna kinundu cha manjano au hakuna, kwa sababu jibu hilo ndilo litakaloonyesha kama anahitaji chakula, dawa, au macho yako tu asubuhi na jioni.